Kwa nini Kiingereza hakina "oneth" wala "twoth"

Ukimfundisha mtu kuhesabu kwa Kiingereza, mambo huenda vizuri mpaka siku ya kupanga vitu kwa nafasi. One, two, three, four ameshazishika. Sasa anaambiwa aliyetangulia ni first, anayemfuata ni second, baada yake third, kisha ghafla mambo yanatulia: fourth, sixth, seventh, tenth, unachomeka th mwishoni na kwenda zako. Mwanafunzi mdadisi atauliza swali la haki kabisa. Kama four imezaa fourth, mbona one haikuzaa oneth, na two haikuzaa twoth?

Madarasani jibu huwa "hizo ni za kukariri". Zikaririwe, sawa, lakini sababu ipo: first na second hazikuwahi kuwa namba. La kwanza lilikuwa neno la mahali, la pili neno la mwendo. Katika orodha ya nafasi za Kiingereza, hesabu yenyewe inaanzia kwa wa tatu.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kulielewa hili upesi kuliko Mwingereza mwenyewe, maana lugha yake inafanya vilevile. Hatusemi mtoto wa moja. Tunasema mtoto wa kwanza, na kwanza si kingine ila kitenzi anza kilichotanguliwa na ku-. Wa kwanza ni wa kuanza. Wala hatusemi mtoto wa mbili. Tunasema wa pili, neno lenye undugu wa wazi na mbili ingawa limeshika njia yake. Ni kuanzia tatu ndipo namba ya idadi inapotumika kama ilivyo: wa tatu, wa nne, wa tano. Tunalo pia mosi, neno la zamani lililojihifadhi katika Jumamosi, Mei Mosi na Mfunguo Mosi, nalo vilevile lina sura yake tofauti na moja.

Hili si jambo la lugha hizi mbili tu. Atlasi ya miundo ya lugha za dunia, ile ambayo wanaisimu huiita WALS, ililinganisha lugha 321 kwa namna zinavyotaja nafasi. Kundi kubwa kuliko yote, lugha 110, ni la zile ambazo wa kwanza ana neno lake la pekee na waliobaki wote wanatokana na namba zao. Lugha nyingine 61 zinamtenga wa kwanza na wa pili pia, kama Kiingereza. Lugha ambazo huyo wa kwanza huitwa "wa moja" basi, bila jina jingine lolote, ni 41 tu. Inaelekea binadamu wengi hawamhesabu aliye mbele. Ukifika peke yako mlangoni hakuna cha kuhesabu. Upo mbele, basi. Hesabu inakuja watu wakianza kujaa nyuma yako.

Aliye mbele kuliko wote

Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na utajiri wa maneno ya kumtaja wa kwanza: forma, fyrmest, fyrst na ærest. Matatu ya mwanzo yanatokana na shina la fore, yaani mbele. Fyrst ni shina hilo lililotiwa kiambishi -st, kilekile kinachoifanya old iwe oldest. Maana yake halisi, basi, ni aliye mbele kuliko wote. Ærest ilitoka kwenye ær, mapema, kwa hiyo yeye alikuwa aliyewahi kuliko wote. Waingereza wakabaki na neno la mbele. Wajerumani wakabaki na la mapema, na ndiyo maana wao husema erste. Katika Kiingereza cha leo ærest imebaki ndani ya erstwhile, neno la vitabuni linalomaanisha wa zamani.

Wajerumani nao hawakulitupa lile jingine. Kwao Fürst ni mtawala, na nchi ndogo ya Liechtenstein inaongozwa na Fürst mpaka leo. Ni first ileile, imepanda cheo. Kiingereza kilipotaka neno la cheo hicho kilichukua prince kupitia Kifaransa, kutoka princeps ya Kilatini, yaani anayeshika nafasi ya kwanza, na ndani ya princeps kuna primus, wa kwanza kwa Kilatini. Primus, protos ya Kigiriki, prathama ya Kisanskriti na first ya Kiingereza zote zinarudi kwenye shina moja la kale sana lenye maana ya mbele.

Forma na fyrmest zilipata maisha ya ajabu zaidi. Watu waliichukua forma, ambayo tayari ilimaanisha wa mbele kabisa, wakaiongezea -er ya ulinganishi wakapata former. Fyrmest nayo ilipoanza kusahaulika muundo wake, masikio ya watu yakaisikia kama fore na most zilizounganishwa, ikaandikwa foremost. Hilo ni kosa la kusikia, lakini limekaa pale muda mrefu kiasi kwamba sasa lina hati ya kiwanja.

Tukiwa hapohapo tutazame mwisho wa foleni. Last ni late iliyotiwa -st ileile: katika Kiingereza cha Kale ilikuwa latost, aliyechelewa kuliko wote. Hata next ni ndugu yao, kutoka neno la kale la karibu, nigh. Next ni aliye karibu kuliko wote. Kiingereza kinapanga foleni kwa kushindanisha watu. Kiswahili kinaipanga kwa vitenzi: kwanza ni kuanza, mwisho ni kwisha, na katikati kuna anayefuata.

Wa pili aliyetoka ugenini

Wa pili kwa Kiingereza cha Kale aliitwa oþer. Ile herufi þ ilisomeka kama th, na ukiiweka th mahali pake utalitambua neno: ni other, yaani mwingine. Palipokuwa na wawili, mmoja alikuwa wa mbele na yule mwingine alikuwa mwingine, na neno lilitosha. Lugha ndugu bado zinaishi hivyo. Msweden anasema andra na Mdenmark anasema anden kwa maana zote mbili, wa pili na mwingine. Mjerumani ameshahamia kwenye zweite, inayotokana na mbili, lakini akitaka kusema moja na nusu bado anaweza kusema anderthalb, neno ambalo kwa asili linasema "nusu ya yule mwingine", yaani kimoja kizima na cha pili kimeishia nusu.

Shida ya oþer iko wazi. Ukimwambia mtu "nipe kitabu kingine" na vitabu viko vitano, hujamwambia akupe cha pili. Kiingereza kiliishi na utata huo kwa karne nyingi, kisha karibu mwaka 1300 neno second likaanza kuonekana katika maandishi yake, limetoka Kifaransa. Hiyo ndiyo lugha waliyoileta Wanormani, ikawa ya mahakama na ya wenye vyeo. Kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini, second ndilo shina pekee lililoazimwa. Mengine yote ni ya nyumbani. Maana ya zamani ya oþer haikuzimika yote. Mwingereza akisema anameza dawa every other day, anameza leo, kesho anapumzika, keshokutwa anameza. Anayeitafsiri kama "kila siku nyingine" atamchanganya mgonjwa, kwa sababu other hapo bado ni ile ya pili.

Second yenyewe ni secundus ya Kilatini, kutoka kitenzi sequi, kufuata. Wa pili ni anayefuata. Ukoo wa kitenzi hicho ni mkubwa: sequence ni mfuatano, sequel ni kinachofuata, consequence ni kinachofuata baada ya tendo. Shule zetu za sekondari nazo ni za ukoo huo, shule zinazofuata. Na iko sekunde.

Kila mtoto wa shule ya msingi anajua dakika moja ina sekunde sitini, lakini sekunde ni ya pili ya nini? Kuigawa namba kwa sitini ni urithi wa Babeli. Wanajimu wa Kigiriki waliutumia kupima anga, na Ptolemy, aliyefanya kazi Alexandria katika karne ya 2, aligawa digrii moja mara sitini, kisha kila kipande akakigawa tena mara sitini. Kwa Kilatini cha baadaye mgawo wa kwanza uliitwa pars minuta prima, sehemu ndogo ya kwanza, na mgawo wa pili pars minuta secunda, sehemu ndogo ya pili. Majina marefu hayadumu mdomoni. La kwanza lilikatwa likabaki neno la udogo tu, minuta, ndiyo minute. La pili likakatwa likabaki neno la nafasi tu, secunda. Sekunde, kwa hiyo, ni ule mkato wa pili wa saa.

Waarabu walifanya vilevile. Daqiqa ni kitu chembamba, kidogo. Thaniya ni ya pili. Kiswahili kilichukua dakika kutoka kwa Waarabu na sekunde kutoka Ulaya, hivyo jozi tunayoitumia kila siku imekuja kwa njia mbili tofauti ingawa wazo ni moja. Wakati mmoja mgawo uliendelea zaidi. Mwaka 1267 mwanazuoni Mwingereza Roger Bacon aliandika nyakati za mwezi mpevu kwa saa, dakika, sekunde, kisha "za tatu" na "za nne". Hizo mbili hazikudumu. Leo tukishuka chini ya sekunde tunaacha sitini na kugawa kwa kumi, mia na elfu.

Third na majimbo ya Yorkshire

Kwa wa tatu hesabu ya kweli inaanza, ingawa kwa kujikwaa kidogo. Three imezaa third, na r imehama. Katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa þridda, r ikiwa mahali pake panapotarajiwa, mbele ya irabu. Waingereza wa kaskazini walianza mapema kuigeuza, na kufikia karne ya 16 third ilikuwa imeshinda. Mgeuko wa namna hiyo ni wa kawaida kwa r katika Kiingereza: bird ilikuwa bridd, horse ilikuwa hros. Thirteen na thirty zilipitia njia ileile.

Ushahidi mzuri wa sura ya zamani umo kwenye ramani. Jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, liligawanywa na walowezi wa Skandinavia katika mafungu matatu, na kila fungu liliitwa theluthi, kwa lugha yao þriðjungr. Waingereza wakalitamka kwa namna yao, thriding. Sasa jaribu kusema North Thriding kwa haraka, th mbili zikifuatana, au East Thriding na West Thriding, t ikikutana na th. Sauti mbili zikamezana ikabaki moja, na watu wakadhani iliyobaki ni ya neno la mbele. Ndivyo zilivyozaliwa North Riding, East Riding na West Riding, na watoto wa huko hawana budi kuambiwa kwamba riding hii haihusiani na kupanda farasi. Migawanyo hiyo ilifutwa kiutawala mwaka 1974, ingawa East Riding ilirudishwa mwaka 1996. Wakanada, walioirithi kutoka kwa Waingereza, mpaka leo huita jimbo la uchaguzi riding, hata kama nchi nzima ina mamia ya majimbo hayo na hakuna cha theluthi tena.

Hapo tumeshaingia kwenye mafungu, na mafungu ni sehemu ambayo Kiingereza kinabana matumizi. Third ni wa tatu na pia ni theluthi. Fifth ni wa tano na pia ni humusi. Kiswahili kina maghala mawili: nafasi kwa namba zetu za kila siku, mafungu kwa maneno ya Kiarabu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumni. Wazee wanaokumbuka thumni kama sarafu ya senti hamsini walikuwa wameshika mfukoni neno la Kiarabu la sehemu ya nane. Waingereza nao walikuwa na yao, farthing, kutoka feorþing, kijisehemu cha nne, robo ya peni. Iliacha kuwa fedha halali mwishoni mwa mwaka 1960.

Kiambishi chenye umri mkubwa

Kuanzia fourth, th inashika usukani. Ni kiambishi cha kale kuliko Kiingereza chenyewe. Kilatini kilikuwa na quartus, quintus, sextus, Kigiriki kilikuwa na tetartos, Kisanskriti caturtha. Sauti iliyomo ndani ya hayo yote ni t, na katika lugha za ukoo wa Kijerumani, Kiingereza kikiwemo, t ya zamani iligeuka th kwa utaratibu uleule unaoifanya tres ya Kilatini ilingane na three. Mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliueleza utaratibu huo mwaka 1822, na unaitwa kwa jina lake.

Utaratibu huo ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea. T iliyokaa nyuma ya f au s haikuguswa. Kwa hiyo katika Kiingereza cha Kale wa nne alikuwa feorþa, wa nane eahtoþa, lakini wa tano alikuwa fifta, wa sita siexta na wa kumi na mbili twelfta, wote kwa t. Hali hiyo iliendelea hata baada ya herufi þ kuachwa. Katika kitabu cha tamthilia za Shakespeare kilichochapishwa mwaka 1623, jina la mfalme limeandikwa Henry the Fift. Mchapaji hakukosea. Ndivyo watu wengi walivyosema, fift, sixt, twelft. Baadaye ndipo nguvu ya fourth na seventh ilipowavuta wote kwenye mstari, wakapewa th ambayo haikuwa yao. Anayeona tabu kutamka sixth, x na th zikiwa zimebanana bila irabu, analaumu haki. Historia haikukusudia zikutane. Ni usawazishaji wa baadaye uliozikutanisha.

Fifth ina fumbo jingine: mbona haikuwa fiveth? Namba tano ilikuwa fif, yenye i ndefu na f. Ilipoongezwa irabu mwishoni, f ikakaa katikati ya irabu mbili na kulainika ikawa v, na i ndefu ikaja kugeuka "ai" katika karne za 15 na 16 pamoja na i ndefu nyingine zote za Kiingereza. Hivyo tukapata five. Ndani ya fifta, f ilikuwa imebanwa na t, haikulainika, na irabu mbele ya konsonanti mbili ilikuwa imefupishwa mapema, ikakosa kugeuka "ai". Fifteen na fifty zina hadithi hiyohiyo. Twelve na twelfth zinagawana v na f kwa sababu hiyohiyo. Nusu ya vituko vya tahajia ya Kiingereza ni wa aina hii: jozi iliyokuwa na sauti moja, kisha mmoja akahama na mwenzake akabaki.

Sehemu ya kumi, na saa tisa

Kati ya nafasi zote, wa kumi na wa tisa ndio waliozaa maneno ya kuvutia zaidi, na hapa Waswahili wana la kusema.

Kiingereza cha Kale hakikuweza kustahimili n mbele ya þ. Ilipotokea, n ilidondoka. Ndiyo maana wa saba alikuwa seofoþa, wa tisa nigoþa na wa kumi teoþa, wote bila ile n iliyomo kwenye seven, nine na ten. Baadaye watu waliwatengeneza upya kwa kuchukua namba nzima na kuipachika th, tukapata seventh, ninth na tenth tunazozijua. Lakini teoþa haikutoka duniani. Ilikuwa imeshapata kazi kanisani: sehemu ya kumi ya mavuno ambayo mkulima alitakiwa kulipa. Ikabaki na kazi hiyo, ikawa tithe. Kutoa tithe kulikuwa sheria nchini Uingereza tangu karne ya 10, na mazao yalikusanywa yenyewe, miganda kwa ng'ombe, mpaka sheria ya mwaka 1836 ilipoanza kubadilisha malipo yawe fedha. Tenth na tithe ni neno moja lililopita milango miwili.

Makanisa yetu huiita fungu la kumi, na hilo linaeleweka bila mkalimani. Ila neno la nafasi lililojificha katika Kiswahili ni ushuru. Linatokana na ushr ya Kiarabu, sehemu ya kumi. Anayelipa ushuru bandarini Dar es Salaam au Mombasa, hata kama kiwango ni asilimia ishirini na tano, jina la malipo yake bado linasema kumi.

Wa tisa alikwenda mbali zaidi. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, na saa ya tisa, nona hora, iliangukia alasiri, karibu saa ambayo saa za Kizungu husema tatu mchana. Watawa walikuwa na sala ya saa hiyo, nayo ikaitwa nona. Kiingereza cha Kale kililichukua neno, non, kwa maana hiyohiyo ya alasiri. Kisha polepole sala na mlo uliofuata vikasogezwa mapema, neno likasogea navyo, na kufikia karne ya 14 noon ilikuwa adhuhuri, saa sita. Mwingereza anaposema noon anataja "ya tisa" na anamaanisha ya sita. Wahispania, kwa upande wao, walibaki na hesabu sahihi: siesta yao ni sexta hora, saa ya sita, wakati wa kujilaza jua likiwa kichwani.

Kwa msomaji wa Kiingereza hayo yote yanahitaji maelezo marefu pembeni. Msomaji wa Kiswahili hayahitaji. Saa zetu zinaanzia asubuhi kama za Warumi, na saa tisa kwetu ni alasiri ileile. Anayefungua Mathayo 27:46 katika Biblia ya Kiswahili anakuta ilikuwa "kama saa tisa", anajua jua liko wapi, anaendelea kusoma. Mwenzake wa Kiingereza anakuta "ninth hour" na lazima atafute maelezo ya mfasiri.

Makumi hayana mengi. Twentieth, thirtieth na wenzao wanageuza y kuwa ie ili th ipate pa kusimama, na hiyo irabu ya ziada ni masalia ya sura ya kale, twentigoþa. Ninth inapoteza e ya nine na eighth inaandikwa kwa t moja ingawa mdomo unatamka t na th zote mbili. Hayo mawili tu ndiyo ya kukariri kweli.

Jambo linalowatega wengi ni baada ya ishirini. Kiingereza kinamrudisha yule wa mbele: twenty-first, thirty-second. Kiswahili hakifanyi hivyo. Tunasema wa kwanza, lakini karne ya ishirini na moja. Wa pili, lakini mtu wa thelathini na mbili. Wafaransa wako upande wetu, maana wana premier peke yake lakini vingt et unième kwa ishirini na moja, na Waarabu pia huacha awwal, ile tuliyoichukua ikawa awali, wanapovuka kumi. Kwa Kiingereza kuna kituo kimoja tu cha kuangalia: kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu hazina one, two wala three zinazosikika mwishoni, kwa hiyo ni 11th, 12th na 13th, lakini 21st, 22nd na 23rd. Eleven na twelve kwa asili ni "moja iliyobaki" na "mbili zilizobaki" baada ya kuondoa kumi, maneno yaliyosagika mpaka hakuna anayeyasikia hivyo tena, na lugha inayafanyia th kama namba nyingine yoyote.

Siku hizi th inabandikwa kwenye karibu chochote kinachofanana na namba. Wanahisabati huibandika kwenye herufi, nth. Waliochoka kurudia jambo huibandika kwenye namba isiyokuwepo, umpteenth, ambayo kwa Kiswahili tungesema "mara ya mia na ushee". Kuna mahali pamoja tu ambapo Kiingereza sanifu hakijawahi kuifikisha, na ni mahali ambapo Kiswahili hakisumbuki hata kidogo. Sisi huuliza: wewe ni mtoto wa ngapi kwenu? Samia Suluhu Hassan ni rais wa awamu ya ngapi? Ya sita. Barack Obama alikuwa rais wa ngapi wa Marekani? Wa arobaini na nne. Ngapi inakaa nyuma ya -a kama tatu au nne, na swali limekwisha. Mjerumani naye ana wievielte, neno lililoundwa hivyohivyo. Mwingereza hana. Ataje "where does he come in the order", au aulize ni wangapi walitangulia kisha aongeze mmoja, au aseme how-manyeth na kila mtu acheke.